Kidaka cha Mwenye Nyumba: Kuongeza Maeneo ya Wijeti kwenye Themu

Haya ni maneno niliyoyasema hapa Mombasa mbele ya vijana wanaojenga tovuti kwa WordPress, programu ya kujengea na kuendeshea tovuti. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike, nami nimeyaweka kama yalivyotoka kinywani. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, wanangu, walimu wenzangu, hamjambo?

Asanteni kwa kuja, tena na joto hili. Najua wako miongoni mwenu waliopanga foleni ya feri pale Likoni tangu alfajiri ili wawahi kiti. Mungu awalipe.

Nani hapa amewahi kuingia katika nyumba kongwe ya mawe kule Lamu? Naona mikono. Basi mtakumbuka: unapita daka la mlangoni, unapita kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, unaingia ndani mpaka chumba cha mwisho, na huko unakutana na ukuta uliojaa vidaka. Waamu wenyewe husema zidaka. Vishubaka vidogo vidogo vya chokaa, safu juu ya safu, kingo zimenakshiwa. Mwashi alivijenga, akavipamba, akachukua ujira wake akaenda. Ndani hakuweka kitu. Mwenye nyumba ndiye aliyeweka: leo sahani ya kaure, kesho kitabu, keshokutwa chetezo. Na siku alipotaka kubadilisha sahani, hakumwita mwashi.

Narudia, kwa sababu hili ndilo lililonitoa nyumbani leo. Siku alipotaka kubadilisha sahani, hakumwita mwashi.

Eneo la wijeti ni kidaka. Wijeti, yaani kisanduku kidogo cha tangazo, orodha au picha kwenye ukurasa, ni sahani. Themu, yale mafaili yanayoipa tovuti sura yake, ambayo vitabuni mtaikuta ikiitwa mandhari, ndiyo ukuta. Na sisi tuliomo humu ndio waashi. Swali langu kwenu ni moja tu: tovuti uliyoikabidhi mwezi uliopita, mwenyewe anaweza kubadilisha sahani bila kukupigia simu?

Nitawaambia yaliyonipata mimi. Miaka mingi nyuma nilijenga tovuti ya shule moja ya bweni. Nilikuwa kijana, nina haraka, nataka kumaliza nilipwe. Mwalimu mkuu alitaka kisanduku upande wa kulia chenye tarehe ya kufungua shule, karo, na namba ya ofisi. Nikafungua sidebar.php, faili la pembeni mwa ukurasa, nikaiandika tarehe mle mle ndani ya msimbo, kama mtu anayeandika ukutani kwa msumari. Ikapendeza. Nikalipwa. Muhula uliofuata katibu wa shule akanipigia, "Kaka, tubadilishie tarehe." Nikabadilisha. Muhula wa tatu akapiga tena, na mimi nilikuwa matangani Kilifi, simu imekwisha chaji tangu jana yake.

Tarehe ilikuwa imesogezwa kwa siku mbili. Katibu alijua. Mwalimu mkuu alijua. Tovuti haikujua, na pale shuleni hapakuwa na mtu aliyeweza kuiambia. Siku ile wazazi wakafika langoni na watoto, masanduku ya bati vichwani, magodoro yamefungwa kwa kamba, wengine wameshuka matatu mbili kutoka mbali. Lango limefungwa. Mlinzi hana jibu. Kuna mama alikaa chini ya mwembe na mwanawe mpaka saa nane mchana akingoja gari la kurudi.

Nani alikosa? Katibu? Mwalimu mkuu? Nilikosa mimi. Nilijenga ukuta usio na kidaka.

Na ubaya zaidi ni kwamba dawa ilikuwepo. WordPress ilizaliwa mwaka 2003 mikononi mwa Matt Mullenweg na Mike Little, na kwa miaka ya mwanzo kweli ulilazimika kufanya kama nilivyofanya mimi. Lakini toleo la 2.2, la Mei 2007, lilileta wijeti ndani ya WordPress yenyewe, baada ya kuanza kama programu-jalizi, yaani programu ya nyongeza. Mwaka 2009, katika toleo la 2.8, ikaja njia nzuri zaidi ya kuunda wijeti zako mwenyewe. Dawa ilikuwa kwenye rafu. Sikunyoosha mkono.

Sasa tuchonge kidaka. Wenye kompyuta wafuate, wasio nazo wasikilize; ni kazi ya mistari isiyofika ishirini.

Fungua functions.php, faili la themu linalobeba maagizo yake. Andika fankisheni, yaani fungu la maagizo lenye jina, uipe jina lenye mwanzo wako ili isigongane na ya mtu mwingine, tuseme shule_sajili_maeneo. Ndani yake ita register_sidebar. Msibabaishwe na neno sidebar. Lilibaki tangu enzi ambazo wijeti zilikaa pembeni tu. Leo kidaka chako kinaweza kuwa juu, chini, au katikati ya makala, na fankisheni ni ileile. Ipe name, jina atakaloliona mwenye tovuti. Ipe id, jina linalojulikana na mashine, kwa herufi ndogo, bila nafasi. Ipe description, maelezo mafupi. Kisha vipande vinne vya kingo: before_widget na after_widget, before_title na after_title. Ukishafunga fankisheni, itundike kwa add_action kwenye widgets_init, ndoano ambayo WordPress huifikia inapoandaa wijeti.

Ukifungua tovuti huoni kitu. Hapo ndipo mwanafunzi huniambia, "Mwalimu, haifanyi kazi." Inafanya, mwanangu. Umekichora kidaka kwenye ramani, hujakichonga ukutani. Nenda kwenye faili la ukurasa, tuseme footer.php, la sehemu ya chini, mahali hasa unapotaka kitokee, uandike dynamic_sidebar na ile id yako. Na kabla yake tangulia na swali: if ( is_active_sidebar( 'tangazo-la-shule' ) ). Yaani, kuna kitu ndani? Kama hakuna, usichore chochote. Mmeona zile tovuti zenye mstatili wa kijivu mtupu pembeni, kama kibanda kilichohamwa? Mstari mmoja tu ulisahauliwa.

Jambo la kwanza: before_widget. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi huumia. Mimi huandika hivi: <section id="%1$s" class="widget %2$s">. Hizo alama mbili za asilimia msizifute kwa kuziona takataka. Ya kwanza hupokea kitambulisho cha wijeti, ya pili hupokea aina yake, na ndizo zitakazokuwezesha baadaye kuipaka rangi wijeti moja bila kuzigusa nyingine. Usipoandika kitu hapo, WordPress hutumia li, alama ya kitu kimoja ndani ya orodha, kwa sababu zamani wijeti zilikuwa orodha. Ukiwa hukuizungushia ul, alama ya orodha nzima, umepata watoto wasio na mama. Na ukifungua section kwenye before_widget, ifunge kwenye after_widget. Niliwahi kukesha mpaka adhana ya alfajiri nikitafuta kwa nini sehemu ya chini ya ukurasa imepanda ikabanwa upande wa kulia. Ilikuwa alama moja tu ya kufunga.

Mmechoka? Bado? Haya.

Jambo la pili: id. Niwape kisa cha rafiki yangu, fundi hodari kuliko mimi. Alimjengea mtu tovuti ya nyumba ya wageni yenye vidaka vitatu chini ya ukurasa: anwani, bei za vyumba, ramani ya kufika. Kila kimoja alikipa jina, id hakukipa. Na kwenye footer.php aliviita kwa majina, jambo linaloruhusiwa. Ikafanya kazi mwaka mzima. Mwenye nyumba akaomba kidaka cha nne, cha tangazo, juu kabisa. Rafiki yangu akakisajili, na kwa kuwa kinakaa juu ya ukurasa, akakiandika juu ya vile vingine kwenye faili.

Nini kilitokea? Usipotoa id, WordPress huvihesabu vidaka kwa mpangilio: sidebar-1, sidebar-2, sidebar-3. Hukumbuka kwamba wijeti hii ni ya namba moja, ile ni ya namba mbili. Kidaka kipya kikawa namba moja, na wote wakasukumwa kiti kimoja. Anwani ikapanda mahali pa tangazo. Bei zikahamia mahali pa anwani. Ramani ikakaa kwenye bei. Palipokuwa na ramani pakawa patupu. Mgeni akitafuta bei anaoneshwa njia! Wala hakuna kilichoharibika. Mashine ilifanya kile ilichoambiwa.

Tangu toleo la 4.2 WordPress hutoa onyo ukiiacha id, lakini onyo hilo humfikia tu aliyewasha WP_DEBUG, swichi ya kuonesha makosa. Wangapi hapa huwasha WP_DEBUG kwenye kompyuta zao za kazi? Wachache. Iwasheni, kwenye kompyuta zenu, si kwenye tovuti ya mteja. Na id ukishaichagua na mteja akaanza kuitumia, usiibadilishe. Jina libadilishe utakavyo. Id iache.

Jambo la tatu: ukuta wa nani unautoboa?

Nililetewa tovuti ya kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu na mikeka. Fundi aliyenitangulia alikuwa amewaongezea vidaka viwili vizuri sana, ila aliviandika ndani ya themu yenyewe, ile iliyopakuliwa bure. Siku moja dashibodi, ukurasa wa kusimamia tovuti, ikasema kuna toleo jipya la themu. Mweka hazina, mama makini anayetunza kila kitu, akabonyeza kama alivyoombwa. Faili jipya likakalia la zamani. Vidaka vikatoweka, pamoja na maelezo ya vikapu aliyokuwa akiyaandika jioni jioni kwa miezi, akishamaliza kupika. Alinipigia sauti yake imekauka. Alidhani amefuta kazi ya kikundi kizima kwa kidole chake.

Hakuwa amefuta. Na hili nataka kila mmoja wenu alijue vizuri ili siku moja amtulize mtu: yaliyomo kwenye wijeti hayakai ndani ya themu. Yanakaa kwenye hifadhidata, katika jedwali la wp_options. Na orodha ya wijeti ipi iko kidaka kipi iko humo humo, kwenye mstari uitwao sidebars_widgets. Ukuta ukianguka, sahani zinabaki sakafuni, nzima. Nikamwambia afungue ukurasa wa wijeti, ashuke chini kabisa, atazame sehemu ya wijeti zisizotumika. Nikamsikia akivuta pumzi. Zote zilikuwepo.

Kisha nikafanya ambalo lingefanywa tangu mwanzo: themu-mtoto, inayoegemea themu mama bila kuigusa. Ni folda moja yenye style.css, faili la mapambo, na juu yake mstari wa Template unaotaja jina la folda ya themu mama. Ndani unaweka functions.php yako. Kuna tofauti moja hapa inayowakanganya wengi. Functions.php ya mtoto haiondoi ya mama. Zote mbili husomwa, na ya mtoto hutangulia. Kwa hiyo usinakili ya mama ukaibandika humo, fankisheni zitagongana na tovuti nzima itakufa. Lakini footer.php ni kinyume chake: ukiiweka kwa mtoto, ya mama haisomwi kabisa. Kwa hiyo nakili ya mama kwanza, kisha uongeze mstari wako wa dynamic_sidebar.

Na tovuti ikifa kwa kosa la herufi moja ndani ya functions.php? Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia kwa njia ya dharura. Nzuri. Lakini msingoje dharura. Hakikisheni mna njia ya kulifikia faili kwenye seva kabla hamjaligusa.

Sasa nije kwenye jambo lililo karibu zaidi na moyo wangu, na mtaniwia radhi sauti ikipanda. Majina.

Fungueni themu nyingi mtazame majina ya vidaka. Footer 1. Footer 2. Footer 3. Footer 4. Secondary. Katibu wa shule ya kijijini, aliyesoma akafaulu, anayeandika Kiswahili safi kuliko mimi na wewe, anafungua ukurasa huo aone nini? Anaona lugha ya mafundi. Anaogopa. Anafunga. Anakupigia simu. Kisha wewe unasema wateja hawajui kompyuta!

Nani alikukataza kuandika Kiswahili kwenye name? Hakuna. Andika: "Chini kulia: saa za kazi." Andika: "Juu ya ukurasa: tangazo la dharura." Na kwenye description andika kama unavyozungumza naye: "Weka hapa tarehe ya kufungua shule. Isizidi mistari mitatu. Ukiacha wazi, kisanduku hakitaonekana." Hayo ni maelezo ya sekunde 30 kwako. Kwake yeye ni mlango umefunguliwa na mtu amemkaribisha ndani. Nimeona watu wazima waliokuwa wakiikwepa kompyuta ya ofisi wakiketi wakaandika wenyewe, kwa sababu tu kidaka kilisema nao kwa lugha yao.

Wala msizidishe vidaka. Nimeona tovuti ya duka moja ina vidaka kumi na kimoja, vinane vitupu. Kila kidaka ni swali unalomuuliza mwenye nyumba: hapa niweke nini? Usimuulize maswali kumi na moja.

Kabla hujachonga, kaa naye. Muulize: kitu gani hubadilika mara kwa mara hapa kwenu? Zahanati itakuambia siku za kliniki ya watoto. Msikiti utakuambia nyakati za swala. Mwenye mgahawa atakuambia samaki wa leo. Hicho kinachobadilika ndicho kinachohitaji kidaka. Jina la shule halibadiliki, liache ukutani.

Na mkumbuke simu. Kwenye kompyuta kidaka cha pembeni kiko pembeni, jicho linakiona. Kwenye simu pembeni hakuna; themu nyingi hukishusha chini ya makala yote. Zahanati moja ilitangaza kwenye kidaka cha pembeni kwamba siku fulani haitafungua. Kwenye kompyuta ya ofisi tangazo lilikuwa linameremeta. Kwenye simu za wagonjwa lilikuwa chini ya habari nne ndefu. Kwa hiyo jambo la haraka lichongee kidaka kwenye header.php, chini ya menyu, kisha uchukue simu yako uitazame kwa macho yako kabla hujamkabidhi mtu.

Bloku, vile vipande vya kupangia ukurasa kimoja kimoja? Nilijua mtauliza, maana tangu asubuhi kijana yule wa mbele ananitazama na swali usoni.

Ni kweli mambo yamesogea. Toleo la 5.8, Julai 2021, liligeuza ukurasa wa wijeti ukawa wa bloku. Vidaka vyako vya zamani havikufa. Sasa unaweza kuweka ndani yake aya, picha, orodha, chochote. Ila utagundua before_title yako haifanyi kazi kwenye bloku, kwa sababu kichwa nacho ni bloku inayojitegemea. Wateja wangu wazee waliozoea ukurasa wa zamani nimewarudishia kwa programu-jalizi ya Classic Widgets, na sioni haya kufanya hivyo. Aliyezoea jembe lake mwache alime.

Kisha likaja toleo la 5.9, Januari 2022, likiwa na Twenty Twenty-Two, themu ya kwanza ya bloku kuja na WordPress yenyewe. Kwenye themu za aina hiyo hakuna footer.php ya kuandikia dynamic_sidebar. Violezo ni faili za HTML, na sehemu ya chini ya ukurasa ni kipande ambacho mwenye tovuti anakihariri chote mwenyewe. Kabla hujaanza kazi ya mtu, tazama menyu ya mwonekano: ukikuta Wijeti, uko kwenye themu ya kawaida na yote niliyosema yanakuhusu. Ukikuta Kihariri cha tovuti nzima mahali pake, ni themu ya bloku, usihangaike kuchonga.

Je, ndiyo tuache kujifunza vidaka? Hapana. Zipo tovuti nyingi za shule, za vikundi, za maduka madogo, zilizojengwa kwa themu za kawaida na zinazofanya kazi vizuri. Wenyewe hawana fedha za kujenga upya. Wanachohitaji ni fundi wa kuwafungulia kidaka kimoja mahali palipoandikwa kwa msumari. Hata kwenye themu ya bloku nina wasiwasi wangu: pale mwenye nyumba amepewa ukuta mzima na nyundo. Wapo wanaofurahi. Wapo pia walioifuta sehemu ya chini ya ukurasa wakitafuta kurekebisha namba ya simu, na kidaka kimoja chenye jina la Kiswahili kingewatosha.

Sasa nanyamaza, tuingie kazini. Lakini kwanza, yule katibu wa ile shule niliyowaambia yuko humu ukumbini. Ndiyo, yule aliyenipigia nikiwa matangani. Amekaa kule nyuma karibu na dirisha, amevaa leso ya kijani. Nilimwomba aje, naye amekubali. Shule imesogeza tarehe tena kwa siku tatu, na wazazi bado hawajaambiwa. Tovuti ni ileile, ila sasa ina kidaka. Mimi nitasimama huku kando, sitagusa kitu.

Bi Katibu, karibu mbele. Kompyuta ni hii. Nenosiri unalo wewe.